Dingi ya upepo kwa mashua ndogo ya tanga, Ziwa Viktoria: ipi inunuliwe, na ilale wapi?

#1 Tanga_Dogo
Wakuu, salamu. Naomba ushauri wa dingi ya kujaza upepo, yaani kile kiboti kidogo cha kutoka mashuani kwenda nchi kavu. Mashua ni ya tanga, futi 25, inalala kwenye boya upande wa Kaazi, karibu na Kampala. Watu wazima wawili na mtoto wa miaka tisa. Kazi ya dingi ni kwenda nchi kavu na kurudi, kubeba maji na mtungi wa gesi, na kushukia fukweni tukifika visiwa vya Ssese. Nyuma ya usukani kuna kabati lenye mlango wa sentimita 62 kwa 45. Sitaha ya mbele ina mita 2.8 kutoka mlingotini hadi waya wa omo (ncha ya mbele ya mashua). Sitaki kununua mara mbili. PVC au Hypalon? Sakafu ya aina gani? Mashine ya hp (nguvu za farasi) ngapi? Na ikishatoka majini ikae wapi?

#2 Henza
Mkuu, swali uliloliweka mwisho ndilo linaloamua mengine yote. Chukua futi kabla hujafungua katalogi.

Dingi ya mita 2.3 au 2.4 yenye sakafu ya vibao vya kukunja, ikishafungwa, huwa furushi la kama sentimita 105 kwa 55 kwa 32, kilo 20 na kitu hadi 27. Mlangoni kwako litapita kwa ncha. Lakini pima na ndani: kama kabati lina kina cha sentimita 80, furushi la mita moja halitageuka hata ukisukuma vipi. Tena hivyo ni vipimo vya kiwandani, dingi kavu, imekunjwa kwenye sakafu safi na mtu aliyezoea. Ukiikunja juu ya sitaha huku upepo ukivuma, ongeza robo nzima. Kama hiyo robo haina pa kukaa, usinunue kwa kutegemea kabati.

Njia ya pili ni sitaha ya mbele, dingi ikiwa imejaa, imepinduliwa, mkia wake ukielekea mlingotini. Kwa mita 2.8, dingi ya 2.3 inaingia na unabaki na nafasi ya mguu kwenye nanga. Ya 2.7 itabakiza sentimita 10 tu kabla ya waya wa omo na kukufungia njia ya kufika kwenye amari (kamba ya nanga), na amari ndicho kitu utakachokihitaji usiku dhoruba ikiingia. Kata vipande vya boksi kwa ukubwa wa dingi (urefu na upana wa nje, kwa 2.3 upana ni kama mita 1.35 hadi 1.4), vilaze sitahani, halafu jaribu kupita, jaribu kufungua dirisha la sitaha, jaribu kushusha tanga la mbele. Jibu litajitokeza lenyewe.

#3 Fundi_Kiraka
Nakubaliana na Henza kwenye vipimo. Mimi nizungumzie kitambaa, maana humo ndimo watu wanamodanganywa.

Vipo viwili. PVC ni plastiki iliyopakwa juu ya nyuzi za poliesta. CSM, ambayo wengi bado wanaiita Hypalon ingawa DuPont waliacha kuitengeneza mwaka 2010 na sasa wanatengeneza wengine, ni mpira wa sintetiki juu ya nyuzi, na kwa ndani huwa na tabaka la neopreni. PVC inalainishwa na kemikali, na hizo kemikali hutoka taratibu kwa joto na jua. Zikitoka, kitambaa kinanata mkononi, kisha kinakuwa kigumu, kisha kinapasuka kwenye mikunjo. CSM haina tabia hiyo. Inafifia rangi na kutoa unga kama chaki, lakini inaendelea kushika upepo.

Sisi tuko kwenye ikweta. Dingi ya PVC inayolala juani bila kifuniko hapa haiwezi kulinganishwa na ile ile iliyoko Uingereza inayotumika miezi mitatu kwa mwaka. Ikifunikwa vizuri, PVC nzuri inakupa miaka mitano hadi minane. Bila kifuniko mishono inaanza kuachia mapema kuliko hapo. CSM inavuka kumi bila wasiwasi, ila bei yake ni karibu mara mbili, na uzito unaongezeka kidogo.

Kitu ambacho wauzaji hawakuambii: mara nyingi kinachokufa kwanza ni gundi, kitambaa bado kizima. PVC ina faida moja hapa, mishono yake inaweza kuchomelewa kwa hewa moto, na mshono uliochomelewa hauachii kwa joto kama wa gundi. CSM haichomeleki, lazima igundishwe kwa mkono, kwa hiyo ubora wake ni ubora wa fundi aliyeigundisha. PVC iliyochomelewa, ya unene wa milimita 0.9, yenye kifuniko, ni bora kuliko CSM ya bei ya kutupa. Zile za milimita 0.7 waachie watoto wa kwenye bwawa la kuogelea.

#4 Mita1134
Kwa aliye na pesa na anayeacha dingi majini mwaka mzima: CSM. Kwa anayeitoa na kuifunika: PVC iliyochomelewa. Mjadala wa vitambaa umekwisha, tuendelee.

#5 Fundi_Kiraka
@Mita1134 haujaisha, kwa sababu wengi Uganda wananunua iliyotumika, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui anauza nini. Fungua valvu uchungulie ndani. PVC ndani na nje inafanana, inang'aa. CSM ndani ni nyeusi au kijivu, haina mng'ao. Njia nyingine: loanisha kitambaa kidogo kwa MEK (kiyeyusho cha gundi), futa mahali pasipoonekana. PVC itanata kidoleni, CSM itatoa rangi tu.

Ukishajua kitambaa, ijaze hadi iwe ngumu asubuhi, uiache kivulini saa 24. Pitisha kucha kwenye ukingo wa kila mshono, hasa pale ubao wa mashine (ule wa nyuma) unaposhikana na tyubu na pale sakafu inaposhikana na tyubu kwa chini. Ukucha ukiingia hata milimita mbili, gundi imeanza kufa, na haifi mahali pamoja. Usinunue ukisema utapiga kiraka. Kagua pia ubao wa mashine kwa kuugonga na kishikio cha bisibisi: sauti nzito iliyozibwa maana yake plaiwudi imeoza ndani.

#6 Nahodha_wa_Banda
Sakafu sasa. Aina zinazoingia kwenye mashua ya futi 25 ni tatu.

Vibao vya kukunja: vinabaki ndani unapokunja, ni rahisi, vyepesi, lakini chini hakuna mkuku (uti wa chini wa chombo), dingi inapinda mawimbini na kupiga kasia ni kama kusukuma godoro. Kwa mita mia moja kati ya boya na gati inatosha kabisa.

Sakafu ya upepo yenye shinikizo kubwa: ndani ina maelfu ya nyuzi zinazoshikilia uso wa juu na wa chini, kwa hiyo inakaa bapa hata ikiwa na shinikizo la bar 0.7 au 0.8. Ni nyepesi, inakunjika, na dingi inakuwa na umbo halisi kwa sababu chini yake kuna mkuku wa upepo. Udhaifu wake ni valvu moja na mshono wa pembeni, na ikitoboka fundi wa mtaani hawezi kuirudisha shinikizo kubwa kirahisi. Mchanga ukiingia kati yake na kitambaa cha chini unasaga vyote viwili, hivyo itoe na usuuze kila baada ya matumizi ya ufukweni.

Sakafu ya alumini au plaiwudi ya vipande: imara zaidi, lakini kuunganisha juu ya sitaha ya futi 25 ni mieleka, inabana vidole, na uzito unapanda hadi kilo 35 au zaidi. Iache.

Za tumbo gumu, fiberglasi au alumini, zinakwenda vizuri kuliko zote, ila hazikunjiki chini ya urefu wake, na kilo 35 hadi 45 kwenye sitaha yako ya mbele ni nyingi. Kwa Tanga_Dogo ningechukua sakafu ya upepo, mita 2.3 hadi 2.4, tyubu za kipenyo cha sentimita 38 au zaidi. Kipenyo kinashinda urefu. Tyubu nyembamba zinaingiza maji watu watatu wakikaa, na hapo gesi na madumu hayajapakiwa.

Soma kibati kilichobandikwa kwenye ubao wa nyuma. Kinatakiwa kuonyesha idadi ya watu, mzigo wa juu kwa kilo, hp ya juu, shinikizo, na kiwango cha ISO 6185. Palipoandikwa watu watatu, soma wawili na mizigo.

#7 Kasia_Tupu
Ninyi mnamtajirisha muuzaji. Mtumbwi mdogo wa plaiwudi wa mita 2.2, uliofunikwa epoksi, unapiga kasia vizuri, hautobolewi na kitu, na fundi yeyote wa mwalo wa wavuvi anaurekebisha.

#8 Henza
@Kasia_Tupu kweli unapiga kasia vizuri, na kwa mtu wa boya ambaye haendi mbali ningeshauri hivyo hivyo. Lakini mtoto wa miaka tisa akikanyaga ukingo wa mtumbwi wa mita 2.2 unapinduka, akikanyaga tyubu ya sentimita 40 hakuna kinachotokea. Kupanda na kushuka kando ya mashua ndiko watu wanakotumbukia. Pia mtumbwi mgumu unagonga ubavu wa mashua usiku kucha.

#9 Mita1134
Shinikizo. Hapa naona watu wanakosea hesabu kwa sababu vitabu vya dingi vimeandikwa kwa bahari.

Uso wa Ziwa Viktoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo la takriban bar 0.885, siyo 1.013. Ukijaza hapa hapa kwa pampu yenye geji, hakuna cha kubadilisha: geji inasoma tofauti kati ya ndani na nje. Tyubu nyingi ni bar 0.2 hadi 0.25 (psi 3 hadi 3.6). Tatizo linaanza dingi ikisafiri. Ikijazwa Mombasa kwa 0.25 na kupakiwa kwenye lori vivyo hivyo, ikifika Timboroa, kwenye nyanda za juu za Kenya, mita zaidi ya 2,700, hewa ya nje ni karibu 0.73, kwa hiyo geji itasoma kama 0.53. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango, na kuta za kutenganisha vyumba vya upepo zinachanika kwa ndani ambako hakuna anayeziona. Safirisha ikiwa tupu, valvu wazi.

Joto nalo. Jaza asubuhi kwa nyuzi 30 hadi 0.25, iache juani tyubu zifike nyuzi 55, na shinikizo linapanda hadi karibu 0.34. Tyubu nyeusi au kijivu kizito zinafika huko bila shida. Kwa hiyo ukiitoa majini na kuiweka sitahani juani, punguza. Ukiirudisha majini italegea, kwa sababu maji ya ziwa yako kwenye nyuzi 25 hivi, basi ongeza tena. Kulegea kidogo alfajiri siyo tundu. Kutoka nyuzi 28 hadi 19 unapoteza kama 0.03 bila hewa hata chembe kutoka.

Utaratibu wa kujaza: vyumba vyote nusu kwanza, kwa zamu, kisha vyote hadi mwisho. Ukijaza kimoja hadi kigumu huku jirani yake kitupu, ukuta wa kati unabeba mzigo wote. Sakafu ya upepo iingize tyubu zikiwa bado laini, ijaze hadi 0.7, halafu malizia tyubu, mkuku wa mwisho kabisa. Pampu ya mguu ya lita tano inajaza tyubu haraka lakini haifikishi sakafu kwenye 0.7. Kwa sakafu unahitaji pampu ya mkono inayosukuma pande mbili, yenye geji. Usithubutu kutumia kompresa ya matairi ya pale stesheni ya mafuta. Sindano yake inaruka kabla hujaiona.

#10 Tanga_Dogo
Asanteni sana. Nimepima: kina cha kabati ni sentimita 95. Kwa hiyo furushi la 105 haliingii, basi ni sitaha ya mbele. Na mashine je? Nimeona hapa Kampala mashine nyingi za mkono wa pili za hp 15, bei nzuri.

#11 Mashine_Fupi
Hp 15 kwenye dingi ya mita 2.3 ni hatari. Ubao wa nyuma hauistahimili, omo inanyanyuka, mtu mmoja akikaa nyuma inapinduka kichwachini. Kibati cha dingi ya ukubwa huo kwa kawaida kinaruhusu hp 3 hadi 5.

Chukua 2.5 ya viharusi vinne (four-stroke), kilo 13 hadi 18 kulingana na aina. Dingi hiyo haitaruka juu ya maji kwa hp 2.5 ikiwa na watu watatu, mwendo wake ni kilomita 6 au 7 kwa saa, na hata ukiongeza hp tatu zaidi na mzigo ule ule hupati tofauti kubwa. Hapa ulipo unapoteza nguvu kama asilimia 10 kwa ajili ya mwinuko. Mafuta ni kama lita moja kwa saa ukifungulia yote, na tangi la juu ya mashine linabeba karibu hicho hicho, kwa hiyo beba dumu la lita 5 na faneli yenye chujio. Dumu likae kwenye kabati lenye tundu la kupitishia hewa linalotoka nje, kamwe siyo chini ndani ya mashua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa karibu na betri.

Angalia shingo ya mashine. Dingi inataka fupi, inchi 15. Mashine nyingi zinazouzwa na wavuvi ni ndefu, inchi 20. Ikifungwa kwenye dingi inakokota sentimita 13 za ziada na kukwama kwenye magugu maji kila mara. Na kipande cha kulinda chuma kisiwe cha zinki. Maji ya ziwa hayana chumvi, zinki haifanyi kazi humo. Weka cha magnesi.

Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi au gotini kila safari. Tyubu zina utelezi, na nahodha akidondoka dingi inazunguka na kumrudia.

#12 Henza
Basi ni sitaha. Namna ya kuilaza:

Pindua, mkia kwenye mlingoti. Chini ya ubao wa mashine weka kipande cha zulia au mpira wa bomba la maji uliopasuliwa, la sivyo kona ya ubao itachimba sitaha. Funga kwa mikanda bapa ya milimita 25, miwili ikipita juu kwa msalaba, kwenye macho ya chuma yaliyopigwa boliti hadi chini ya sitaha na bamba la nyuma. Usifunge kwenye waya wa ukingo, mawimbi yakipanda omo yanaingia chini ya dingi na kung'oa nguzo. Kamba ya duara inakata kitambaa, mkanda bapa haukati. Shinikizo libaki kama 0.1, iwe laini lakini isipige makofi upepo ukivuma.

Usiku ukiwa umetia nanga, usiiache ikielea nyuma. Ipandishe ubavuni kwa henza (kamba ya kupandishia tanga) ya ziada, kamba tatu: mbili kwenye pete za ubao wa nyuma, moja kwenye pete ya omo, zikutane juu ya katikati ya dingi ili inyanyuke bapa, na kizibo cha maji kikiwa wazi mvua ikinyesha. Inachukua dakika mbili. Haioti ukungu wa kijani tumboni, haigongi, na mwizi hana cha kufungua kimya kimya. Mashine ishushwe kwanza ifungwe kwenye reli ya tezi (nyuma ya mashua) kwa kufuli. Pete za dingi nyingi hazikutengenezwa kubeba mashine ikining'inia.

Kuikokota: ndani ya ghuba, sawa. Kutoka Entebbe kuelekea Ssese, hapana. Dhoruba za ziwa hili zinaingia haraka, mara nyingi usiku na alfajiri, na dingi tupu ikinyanyuliwa na upepo inapinduka na kugeuka nanga. Kama ni lazima, ondoa mashine, makasia na kiti, funga kamba ya milimita 10 inayoelea kwenye pete zote mbili za pembeni kwa umbo la V. Kamba inayozama inaingia kwenye propela unaporudi nyuma. Kwa mwendo wa kawaida irefushe hadi dingi ikae mgongoni mwa wimbi la pili la nyuma yako, kwa sababu ikikaa upande wa mbele wa wimbi inasukumwa na kuja kukugonga.

#13 Dada_Masese
Naongeza la fukweni, kwa sababu wengi mnazungumza kana kwamba dingi inatobolewa na miamba tu. Kwenye mialo yetu, Masese, Kasenyi, Ggaba, kinachotoboa ni miiba ya mapezi ya sato, ndoano zilizokatika, na misumari inayochomoza kwenye mitumbwi ya mbao. Usiburute. Watu wawili wabebe kwa vishikio, au fungia magurudumu ya kukunja kwenye ubao wa nyuma. Usiifunge ubavuni mwa mtumbwi wa wavuvi. Kama inabidi, tia boya la pembeni katikati.

Ukitia nanga ndogo ya kilo mbili mita kumi kutoka ufukweni na kamba ya pili nchi kavu, dingi inakaa ikielea na haisugui. Kamba ya milimita 8, mita 25.

Na kichocho. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye majani na maji ya kina kifupi yaliyotulia, hapo hapo unaposhukia. Shuka kwenye gati ukiweza, la sivyo vaa buti za mpira hadi gotini, na mtoto abebwe. Maji yaliyoingia ndani ya dingi nayo ni maji ya ziwa, vimelea vinaweza kuishi humo siku moja au mbili, kwa hiyo yachote na ufute kabla mtoto hajakaa sakafuni miguu mitupu. Atakayelowa ajifute kwa taulo mara moja, akapimwe baada ya wiki kadhaa. Dawa ipo, praziquantel.

#14 Fundi_Kiraka
Dada Masese kanigusia tundu, basi kiraka.

Kwanza litafute. Kijiko kimoja cha sabuni ya vyombo kwenye lita moja ya maji, paka kwa brashi, anza na valvu. Valvu ndiyo mkosaji mara nyingi, chembe ya mchanga imekaa kwenye mpira wake. Ifungue na uifunge mara kadhaa hewa ikitoka, itajisafisha. Kama chumba kimoja kinalegea huku cha jirani kinakuwa kigumu, ukuta wa kati umepasuka, hiyo siyo kazi ya ufukweni.

Gundi ya viraka vya baiskeli haishiki PVC. Gundi ya haraka ya matone inakauka kama kioo na kuvunjika tyubu ikipinda. PVC inataka poliyurethani ya makopo mawili, CSM inataka ya neopreni ya makopo mawili, na kiraka kiwe cha kitambaa kile kile. Soma tarehe kwenye kopo. Gundi iliyokaa dukani kwenye joto miaka miwili imekufa hata kama haijafunguliwa.

Toa upepo wote. Kata kiraka cha duara, sentimita 5 zaidi ya tundu kila upande, kona zozote ziwe mviringo kwa sababu kona kali ndiyo inayoanza kubanduka. Chora alama kwa penseli. Futa kwa MEK kwenye PVC. Kwenye CSM piga msasa laini kwanza hadi mng'ao uishe, kisha futa kwa kiyeyusho cha toluini. Changanya kigumishi kwa uwiano ulioandikwa, usikadirie. Paka tabaka jembamba pande zote mbili, subiri dakika kumi, paka la pili, subiri hadi kidole kikigusa kinanata bila kutoka na gundi. Bandika kutoka katikati kwenda nje, kandamiza kwa nguvu kwa mgongo wa kijiko au rola. Acha saa 24 bila kujaza.

Sasa unyevu. Kimiminika cha gundi kinapovukiza kinapoza uso wa kitambaa, na hewa ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 70 umande usioonekana unatua juu ya gundi. Kiraka kitashika wiki moja kisha kitanyanyuka kizima. Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, fanya kazi hii saa saba au saa nane mchana, kivulini, siku ambayo mvua haijanyesha. Ufukweni asubuhi, hapana. Mtu akikuambia gundi fulani haifai Uganda, muulize aliibandika saa ngapi.

Na tafadhali, msipake zile dawa za kung'arisha dashibodi za magari. Silikoni inaingia kwenye kitambaa, na baada ya hapo hakuna gundi itakayoshika tena.

#15 Kasia_Tupu
Kwa mtu anayesafiri miezi mitatu, aiache wapi? Kontena la mabati?

#16 Fundi_Kiraka
@Kasia_Tupu kontena la mabati ndiyo njia ya haraka ya kuiua. Mchana ndani humo ni tanuri, gundi inalainika kila siku. Chumba cha matofali chenye hewa, juu ya rafu ya mbao, siyo sakafuni kwenye saruji.

Ioshe kwa maji na sabuni laini, toa sakafu, suuza ule mfereji kati ya tyubu na tumbo ambako mchanga, mbu wa ziwa na vinyesi vya ndege vinajificha. Ikauke kabisa, maana ukikunja na unyevu unapata ukungu na plaiwudi ya ubao wa nyuma inaoza. Nyunyiza poda ya talki, kunja kwa ulegevu kuzunguka ubao wa nyuma, valvu wazi. Kila miezi mitatu ifungue na uikunje kwa mistari mingine, kwa sababu PVC inapasuka pale pale ilipokunjwa siku zote. Kama una nafasi, usiikunje kabisa: nusu upepo, imepinduliwa, juu ya mbao mbili, kivulini.

Panya ndio adui mwingine. Wanapenda furushi laini kwa kiota na hawahitaji harufu ya chakula, ingawa ukiacha kichwa cha sangara humo umewakaribisha rasmi. Litundike furushi kwa mikanda mipana.

#17 Nahodha_wa_Banda
La sheria kwa ufupi: Uganda ina Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, ulizia Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi kuhusu usajili wa vyombo vyote viwili. Beba jaketi la kuokolea kwa kila mtu, la mtoto liwe la saizi yake. Na usiweke nyavu wala ndoano ndani ya dingi hata kwa mzaha. Boti ya uvuvi chini ya futi 28 hairuhusiwi ziwani, na askari wa doria hawatakuwa na muda wa kusikiliza kwamba ni kiboti cha kuhudumia mashua.

#18 Tanga_Dogo
Nimeandika: mita 2.3, sakafu ya upepo, PVC ya 0.9 iliyochomelewa, tyubu 38 au zaidi, mashine 2.5 shingo fupi, sitaha ya mbele. Kifuniko nitashonesha cha turubai. Yamebaki mawili. Kifuniko kiwe cha rangi gani? Na mashine ikilala kabatini, ilale upande upi?

#19 Mashine_Fupi
Nyingi za viharusi vinne zina upande mmoja tu unaoruhusiwa, na umechorwa kwenye kifuniko cha mashine au kwenye kitabu chake. Upande mwingine oili inaingia kwenye silinda na kaburata, na ukija kuvuta kamba inagoma au inatoa moshi mwingi. Kabla ya kuilaza, funga petroli, iache ichome iliyobaki kwenye kaburata hadi izime yenyewe, simamisha dakika tano maji yatoke, kisha laza, kichwa juu kuliko propela.

#20 Fundi_Kiraka
Kifuniko: kijivu chepesi au krimu, kisiwe nyeusi wala bluu nzito. Turubai la plastiki la sokoni halipumui, linafungia unyevu na joto. Tafuta kitambaa cha akriliki cha miavuli ya mikahawa, mafundi wa viti Katwe wanashona. Kishonwe kwa uzi wa poliesta, pindo liwe na kamba ya kukaza chini ya tyubu, na uache uwazi wa kiganja upande wa ubao wa nyuma hewa ipite. Ubao wa nyuma wenyewe upake vanishi pande zote, hasa ukingo wa juu mashine inapobana.

#21 Tanga_Dogo
Kesho napeleka vipimo vya kifuniko. Nikipata bei ya kitambaa nitaiweka hapa.